Shuka Ndipo Umsalimie Nesi

Nesi alikuwa haitikii shikamoo ya mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Ungekuwa diwani, ungekuwa padri, ungekuwa mwalimu wa sekondari mwenye digrii yake na shati lililopigwa pasi, kama nilivyokuwa mimi. Ukimsalimia huku unakanyaga pedeli, aliyatazama magurudumu yako, si uso wako, akanyamaza. Ukirudia, alinyamaza tena. Ukipaza sauti ukidhani hasikii vizuri, aligeukia upande wa pili kana kwamba porini kuna kitu cha maana kuliko wewe.

Ukoo wake siujui, wala alikozaliwa, na sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta mtu mzima tayari, nesi wa zahanati ya kijiji ng'ambo ya Itetemia, na kila mtu alimwita Nesi tu, hata mganga wa zahanati ambaye kwenye karatasi ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Nimemjua zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo alinishona mara moja, na alinisema mara nyingi mno.

Nieleze kwanza barabara yenyewe, maana bila hiyo Nesi ataonekana mtu wa makuu tu. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Cheyo, na shule yetu ya kata iko nje ya mji, mwendo wa karibu saa nzima kwa baiskeli kama tairi hazina pancha. Lami inakuacha mapema. Ukishapita Itetemia ni vumbi, na barabara inajipinda hovyo, kwa sababu zamani ilikuwa njia ya misafara na wale wapagazi walifuata kivuli na maji, hawakufuata rula. Mahali pamoja inakata kushoto ghafla ikiizunguka miembe mikubwa ya enzi hizo. Wageni wakipita huipiga picha miembe ile. Nesi aliichukia kabisa, kwa kuwa ilificha malori. Malori ya tumbaku yakitokea upande wa pili yaliikata kona ili kukwepa mashimo, yakaja moja kwa moja upande wetu sisi wa baiskeli.

Hapo ndipo aliposimama kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kwenda kufungua zahanati: hatua chache kabla ya kona, upande wenye jua, gauni jeupe la kazi juu ya suruali nyeusi, baiskeli imemwegemea kiunoni, mwavuli umefungwa kwenye fremu. Wanafunzi wetu waliokuwa wakitoka upande wa mjini walipita hapo wote. Wakimfikia wanashuka, wanasalimia, wanaitikiwa mmoja mmoja, kisha wanazikokota baiskeli zao pembeni kwenye majani mpaka wamemaliza kona. Mbele huko ndipo wanapanda tena.

Mimi nilikuwa na tafsiri yangu, na kwa bahati mbaya niliitangaza ofisini kwa walimu. Nilisema yule mama anajisikia. Anasimama barabarani kukusanya shikamoo kama mtu anayeokota embe.

Mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji wa hapo hapo, aliniuliza, "Kwani wewe amekataa kukuitikia?"

"Siku tatu mfululizo."

"Ulishuka?"

"Kushuka wapi?"

Walicheka mpaka kengele ya kipindi ikagongwa. Nilizaliwa mjini mimi, na sikuwa nimejua kwamba huku ukimkuta mkubwa wako njiani unashuka kwenye baiskeli ndipo unasalimia; kumsalimia ukiwa umekaa juu ni kama kumsalimia ukiwa umelala. Nilijitetea kwamba hizo ni desturi za zamani. Kesho yake nikaanza kuondoka Cheyo nusu saa mapema, gizagiza, ili nipite pale konani kabla Nesi hajafika. Hebu fikiria: mtu mzima, msomi, anaamka alfajiri kuikimbia salamu.

Siku ya nne ya ujanja huo nilimkuta ameshafika.

"Habari za kujificha, mwalimu," alisema.

Nikashuka.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba. Breki zako hazijambo?"

Ndivyo alivyokuwa. Wengine humuuliza mtu habari za nyumbani, mke na watoto. Nesi aliuliza breki, halafu kengele, halafu tairi la mbele, na ukiwa na bahati ndipo akafika kwa mke. Nikamjibu kwamba breki ziko salama. Akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, maana mimi kwa viatu sikuwa mchezo.

"Kiatu cha kulia soli imeisha, cha kushoto nzima," alisema. "Breki huna. Unabania tairi kwa mguu."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ambayo baadaye nilimsikia akimwambia mama mmoja kuwa mtoto wake ana malaria. Na ni kweli: ile baiskeli niliinunua kwa mkulima wa tumbaku aliyekuwa anahamia Urambo, na breki zake zilikuwa zimetangulia kuhama. Nilikuwa nikishuka mteremko ninaweka soli kwenye tairi la mbele na kumwomba Mungu. Nesi akaniambia kichwa hakina spea katika duka lolote la Kanyenye, nizunguke nitafute kama nabisha. Nikaahidi kwamba mwisho wa mwezi nitatengeneza. Mwisho wa mwezi nilinunua viatu vipya.

Lakini usidhani yeye mwenyewe alikuwa malaika wa barabarani. Kila mtu alimwambia afunge taa, na taa ya baiskeli yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Alikuwa amefunga tochi kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu, ikawa inaangaza juu, inamulika popo. Kwenye madigadi ya nyuma alikuwa amepigilia vipande vya dumu la njano la mafuta ya kula ili aonekane kwa mbali, na alivisifia vipande hivyo mpaka ungedhani amevigundua yeye. Akiitwa kwa mama mjamzito, sheria zake zote zilibaki zahanati. Nimemwona kwa macho yangu akiipita kona ile ile kwa kasi ambayo mwanafunzi akienda nayo ningemchapa, mkoba wa kazi begani, mdomo wazi, anawapigia kelele ng'ombe wa Wasukuma wampishe, na wenye ng'ombe wanakimbia pamoja na ng'ombe.

Kuna Jumapili moja alikuwa anatoka misa amevaa kitenge kipya. Watu wote wa njia ile walishaambiwa na Nesi kuhusu nguo na cheni: suruali ifungwe kwa kibanio cha nguo, sketi ikunjwe, kanga isipepee. Nikamkuta amesimama katikati ya barabara, hawezi kwenda mbele wala nyuma, kitenge kimeingia kwenye cheni mpaka magotini.

"Geuka huko," aliniamuru. "Halafu uje kinyumenyume."

Nikaenda kinyumenyume. Nikachuchumaa, nikapapasa nikiwa nimeangalia mashariki, nikaanza kurudisha pedeli kwa mkono huku yeye juu ananielekeza kama ninayefunzwa kudunga sindano. Kitenge kilitoka na grisi nusu yake. Nilingoja akiri kosa, walau kidogo. Alikunja kile kitambaa, akasema cheni hii ina tabia mbaya, kisha akanikumbusha kwamba sijatengeneza breki.

Na spika za masikioni. Hizo nilikuwa nazivaa asubuhi nisikilize uchambuzi wa mpira. Siku moja nimefurahi zangu, timu imeshinda, nakanyaga pedeli naitikia kwa kichwa, ghafla baiskeli ikagoma kwenda. Nilidhani pancha. Kugeuka, Nesi ameshika keria yangu kwa mkono mmoja. Alikuwa nyuma yangu tangu Itetemia, amepiga kengele, ameita, ameimba, sina habari.

"Ningekuwa lori," alisema akihema, "saa hizi ungekuwa mbinguni unawauliza matokeo."

Ila kulikuwa na watu ambao hakuwadai salamu. Hao ni wabeba mkaa. Mtu mwenye magunia matatu kwenye keria akishuka, kupanda tena ni kazi ya watu wawili. Wakija hao, Nesi ndiye aliyetangulia kusalimia, halafu akafungua mwavuli, akauinua juu, akatembea mbele yao kuzunguka kona. Na wao wakiona mama mzima anawatangulia kwa miguu, haya inawashika, wanateremka wenyewe na kusukuma. Niliyaona hayo miezi na miezi. Yalinipita mbele ya macho, na bado sikuelewa kitu. Chuo kikuu niliondoka na alama nzuri tu.

Sasa nifike kwenye ule ujinga wenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Kazi ya zamu ni kusimama getini saa moja na kuwashika wachelewaji, na kila siku wachelewaji walikuwa wale wale kumi na mmoja wa upande wa mjini, na kila siku sababu ilikuwa ile ile: tulikuwa tunamsalimia Nesi. Nikachoka. Mkuu wa shule alikuwa ananiuliza mimi kwa nini mstari haujakamilika, na mimi sikutaka kujibu kwamba shule inasimamishwa na marahaba ya mama mmoja. Nikatoa tangazo mstarini. Kuanzia kesho Nesi atasalimiwa bila kushuka. Kichwa kinainama kidogo, mkono mmoja unawekwa kifuani, salamu inatolewa kwa adabu, safari inaendelea. Niliwaonyesha kwa vitendo, nikiwa nimesimama, na nilipendeza. Nikaongeza kwamba nitawaongoza mwenyewe ili waone inavyofanyika.

Kesho yake nikawa mbele, wao kumi na mmoja nyuma yangu. Nesi alikuwa mahali pake. Nilipomkaribia nikaachia usukani mkono mmoja, nikauweka kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya kwaya, "Shikamoo Nesi."

Hakuitikia. Aliangalia nyuma yangu, halafu mbele yangu, na nikaona uso wake umebadilika.

Lori lilitokea kwenye miembe likiwa upande wetu. Sikumbuki honi. Nakumbuka bampa, na nakumbuka nikitafuta breki ambazo najua sina. Mkono ulikuwa bado kifuani kama naapa. Nilikata kushoto, nikavuka majani, nikaingia kwenye shimo la wafyatua matofali, baiskeli ikatangulia, mimi nikaikalia. Siti ilikuwa imeng'oka na springi yake imesimama wima. Kilichofuata siwezi kukieleza mbele ya watu wanaoniheshimu.

Nilichokifikiria chini kule, nikiwa na tope mdomoni, ni wale watoto. Nilikuwa nimewaleta mwenyewe. Nilipanda ukingo kwa magoti, siangalii ninakoshika, nikitaka kuona na nikiogopa kuona. Vumbi lilikuwa limefunika barabara nzima. Likaanza kutulia, nikaona gurudumu, nikaona sketi ya shule, nikaanza kuhesabu miguu. Wote kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwenye majani, nje ya barabara, kila mmoja ameshika usukani wa baiskeli yake, weupe kwa vumbi kama wametoka mashine ya kusaga. Walikuwa wameshuka.

"Shikamoo Nesi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu," akasema Nesi. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, naona na wewe umeshuka."

Baadaye nilimuuliza msichana mmoja wa kidato cha pili kwa nini hawakutii amri yangu. Alinijibu kwa heshima zote, mikono nyuma: "Mwalimu, wewe ukikasirika unatupa adhabu ya kufyeka. Nesi akikasirika anamwambia bibi."

Kule zahanati nililala kifudifudi na Nesi akanishona nyuzi saba mahali ambapo mwalimu hapatumii akiwa ubaoni, ila anapahitaji kila mahali pengine. Nikachomwa na sindano ya pepopunda. Wiki mbili nilisahihisha madaftari nikiwa nimesimama dirishani, na wanafunzi waliniita majina ambayo nilijifanya siyasikii.

Ni katika kushonwa huko nilipomuuliza. Nadhani mtu akiwa amelala vile hana tena hadhi ya kulinda. Nilimwambia, "Nesi, kumbe ni kwa ajili ya malori."

"Tulia, usijikaze."

"Sasa kwa nini hukuwaambia tu?"

Alivuta uzi. "Niliwaambia. Mwaka mzima nilisimama pale nawaambia shukeni, kuna malori. Walinicheka, wakubwa kwa wadogo. Mtu wa hapa ukimwambia atakufa, anakuambia Mungu yupo. Mwambie hana adabu uone. Halali usiku huo."

"Kwa hiyo shikamoo yenyewe huna shida nayo."

"Naipenda, nani asiyeipenda? Ningekuwa naitaka tu, ningekaa zahanati kivulini, wangeniletea." Akafunga fundo. "Nimeshona wengi wa kona ile, mwalimu. Na wapo walioletwa kwangu hawahitaji tena uzi. Wawili walikuwa na sare kama za wanafunzi wako."

Nililia kidogo, na nilijitetea kwamba ni ganzi imeisha. Aliniapisha nisimwambie mwanafunzi yeyote, kwa sababu wakishajua ni habari ya usalama tu, kila mmoja atajiona anajua kuendesha kuliko mwenzake. Nikaapa. Na tangu nilipoweza kukaa tena kwenye siti nilikuwa nikifika pale nashuka wa kwanza, natengeneza na uso wa mtu anayemwogopa Nesi. Sehemu hiyo haikuhitaji kuigiza.

Breki nilitengeneza jioni ya siku ile ile ya kushonwa.

Miaka ilikwenda. Nesi alistaafu, mwanawe wa kike akamchukua akakae naye Kanyenye, nyuma ya maduka. Nesi kijana aliyekuja anapanda pikipiki, anapita pale konani kama mshale, si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Wanafunzi waliomwogopa Nesi walimaliza shule. Waliofuata walimsikia kama hadithi. Mimi nilipanda cheo, nikawa makamu mkuu, nikaanza kuondoka nyumbani saa moja kamili. Nilipita pale kila siku na kila siku nilijiambia kwamba mtu inabidi asimame hapa. Nilimaanisha mtu mwingine.

Halafu mwaka jana, wakati wa msimu wa tumbaku, mtoto wetu wa kidato cha kwanza aligongwa pale na ubavu wa lori. Alivunjika mkono na paja. Yu hai, anatembea, anachechemea. Nilikwenda hospitali kumwona pamoja na walimu wenzangu, tukasema pole, tukasema ni mipango ya Mungu. Niliyasema hayo mimi, mtu niliyeapishwa. Nilipotoka pale nilijichukia kweli, na sikwenda kumwona Nesi kwa aibu.

Nilimwona wiki tatu zilizopita, bila kukusudia. Nilikuwa napita Kanyenye kutafuta tairi la mbele, nikamwona amekaa kwenye stuli mlangoni kwa mwanawe, gauni jeupe bado, sasa limekuwa la nyumbani. Amekonda. Macho yameingia ukungu. Nilikuwa na haraka, jua linawaka, nikapunguza mwendo, nikasema nikiwa juu ya siti, "Shikamoo Nesi."

Kimya.

Binti yake alikuwa anachambua mchele pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usijali, mwalimu. Siku hizi haoni kabisa, na ni wachache anaowatambua."

Iliniingia vibaya. Nikaacha kupiga pedeli, nikashuka, nikaweka stendi, nikamsogelea, nikamshika mkono.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba mwalimu," alisema papo hapo. "Ulikuwa juu. Nimesikia friwili ya gurudumu la nyuma inalia."

Binti yake aliacha mchele. Mimi nilicheka peke yangu kama mwehu, nimemshika mkono, machozi yananitoka. Aliuliza breki. Nikamwambia hazijambo, na safari hii ilikuwa kweli. Aliuliza kengele, akauliza tairi, nikakiri la mbele limekwisha. Akaridhika. Nikadhani tumemaliza.

"Na pale konani," aliuliza, "siku hizi anasimama nani?"

Hakujua habari za yule mtoto. Nilimwangalia binti yake, akatikisa kichwa kwamba hawakumwambia. Uso wa Nesi ulikuwa umeinuka unangoja, yale macho hayaangalii popote. Ningeweza kumwambia kweli. Ningeweza kusema serikali itaweka matuta.

"Nasimama mimi," nikasema.

"Wanashuka?"

"Wanashuka."

"Basi vizuri," alisema, na akanipapasa mkono kama anatafuta mshipa. "Shida yako wewe, unaitikia haraka. Unaipenda mno shikamoo. Usiitikie."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale, upande wenye jua, nimeegemeza baiskeli kiunoni. Nilijiona mpumbavu kabisa. Wabeba mkaa wawili walipita wakinishangaa. Kisha akatokea binti wa kidato cha kwanza, anakuja kasi, sketi imekunjwa vizuri, anatabasamu kwa kumwona mwalimu porini.

"Shikamoo mwalimu!"

Mwili mzima ulitaka kuitikia. Nikaangalia magurudumu yake, nikanyamaza. Akapiga breki, mguu mmoja chini. "Shikamoo mwalimu," akarudia, pole pole, akidhani naumwa. Nikageukia porini. Nilisikia friwili ikilia kidogo, halafu ikatulia, halafu viatu viwili kwenye changarawe.

"Marahaba," nikasema.